Mgeni wa Chini ya Boriti

Mambo yalianza siku ya Jumamosi, saa nne na dakika kumi asubuhi, pale ukuta wa sebule ulipokuwa umekwisha kuvunjwa na kubaki vumbi tu, vumbi zito lililosimama hewani kwa umbo lile lile la ukuta.

"Hodi," mtu alisema.

Injinia alikuwa amepiga magoti sakafuni, anapanga vipande vya matofali ndani ya sanduku la safari. Alijibu bila kuinua kichwa, kama alivyofunzwa tangu utotoni. "Karibu! Karibu, pita ndani."

Hakupita mtu. Alipoinua uso alimwona Fundi Kimya amesimama juu ya meza, nyundo imening'inia mkononi, anamkodolea macho. Mlango wa mbele ulikuwa umefungwa kwa komeo na kutundikwa mablanketi ili sauti isitoke. Mlango wa nyuma vivyo hivyo. Madirisha yalizibwa kwa magodoro. Na ile sauti haikutoka mlangoni. Ilitoka pale katikati, palipokuwa na ukuta.

"Umemkaribisha nani?" fundi aliuliza kwa sauti ya chini.

"Si kuna mtu kapiga hodi?"

"Nimemsikia. Ninachouliza, umemkaribisha nani?"

Kaka yake Injinia akatokea jikoni na birika la chai. "Mnapiga soga, Jumatatu hiyooo inakuja! Hodi gani? Labda panya wa humu wamefundishwa adabu." Akacheka peke yake, akaenda kumwaga chai kwenye ndoo ya rangi.

Jina la Injinia alipewa na kaka yake huyo siku aliyohitimu chuo, nusu fahari nusu utani, likamganda. Kazini alikuwa msaidizi tu katika ofisi ya michoro ya majengo, hajasajiliwa, hana mhuri. Alikuwa binti wa wasiwasi. Akitoka nyumbani hurudi kuhakikisha gesi imefungwa, na akichora mstari huupima, kisha huupima tena, kisha humuuliza mwenzake naye aupime. Wenzake walimcheka kwamba hata kivuli chake hukiomba radhi akikikanyaga.

Nyumba yao ilikuwa pacha, jengo moja la ghorofa moja lililogawanywa katikati kwa ukuta. Upande huu alikaa Injinia na mama yake na kaka yake. Upande wa pili alikaa Bi Cherehani, mjane, fundi wa nguo, ambaye mlio wa mashine yake ulipenya ukutani miaka yote. Injinia alilelewa na mlio ule kama wengine wanavyolelewa na nyimbo za bembelezi. Sare yake ya kwanza ya shule ilishonwa upande ule, na Bi Cherehani aliiachia pindo pana, akasema, "Huyu atarefuka, na atafika mbali. Msije mkanunua kitambaa kingine."

Sasa kaka alikuwa anaoa. Wakwe watarajiwa wangekuja Jumapili ya juma lililofuata, na sebule ilikuwa ndogo. "Watu wazima na heshima zao wakae wapi?" mama alilalamika. "Wapakatane?" Kati ya sebule na jiko kulikuwa na kipande kinene cha ukuta. Kikiondoka, ungekuwa ukumbi.

Lakini kuvunja ukuta kunataka kibali. Manispaa inataka mchoro, inataka mhuri wa mhandisi, na kwa nyumba pacha inataka pia ridhaa ya jirani. Hapo ndipo penye mwiba, kwa sababu Bi Cherehani si mtu wa kuridhia jambo asilolielewa. Angeuliza kwa nini, vipi, na kama mvua ikinyesha itakuwaje. Basi wakasubiri asafiri. Alikwenda kumuuguza binti yake aliyekaribia kujifungua, na ufunguo wake akamwachia mama. "Niangalizieni nyumba yangu, jirani." Mama aliupokea kwa mikono miwili.

Fundi Kimya aliitwa kwa sababu ya sifa yake. Yeye ni fundi wa kazi zisizo na kibali. Huanza Ijumaa jioni ofisi za serikali zikifungwa, na Jumatatu asubuhi huwa hakuna cha kuonekana. Nyundo na tindo huvifunga magunia ili visilie. Matofali huyalowesha ili yasitimue vumbi. Kifusi hakitoki kwa toroli, hutoka ndani ya masanduku ya nguo, na watu wa mtaani wakiona husema, hawa nao, kila siku wanasafiri. Rangi mpya huichanganya na chai ya rangi iliyokolea na vumbi kidogo, ikauke ionekane ya zamani. Ni ufundi wa kweli, na kaka aliusifia mno.

Kabla ya pigo la kwanza, Ijumaa ile jioni, fundi alikuwa amegeuka akauliza, "Injinia, huu ukuta umebeba?"

Injinia alitazama juu. Aliiona boriti ya zege imekaa juu ya ukuta ule kama mtoto anavyokaa mapajani pa mama yake. Aliifuata kwa macho hadi ilipozama kwenye ukuta wa pamoja, na akajua, bila kuhitaji kuchora, kwamba inaendelea upande wa pili chini ya chumba cha juu anacholala Bi Cherehani. Alijua. Mdomo wake ulikuwa umeshafunguka kusema, "Ngojeni."

"Muulizeni huyo huyo," mama alisema akitabasamu. "Mwanangu ndiye mwenye shule humu ndani. Akisema ndiyo, ni ndiyo."

Kaka alikuwa anatazama saa. Fundi alikuwa ameshainua nyundo. Kumwaibisha mama aliyekuwa akijivuna kwake, mbele ya fundi, kulionekana kazi nzito sana jioni ile. Ilikuwa aibu ndogo, na Injinia aliikwepa kwa kununua kubwa.

"Haubebi kitu," alisema.

*

Jumatatu nyumba ilikuwa safi. Sebule na jiko vilikuwa ukumbi mmoja mpana wenye rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, na juu katikati boriti ilipita peke yake, haijalala juu ya chochote. Mama alizunguka akigusa kuta. "Utadhani tuliikuta hivi hivi."

Kitu cha kwanza kilikuwa doa. Rangi yote ilikauka isipokuwa sehemu moja ya boriti, pale pale ulipokuwa ukuta. Sehemu hiyo ilibaki na unyevu. Jioni doa lilikuwa na umbo, na Jumanne asubuhi hakuna aliyeweza kujifanya halioni. Yalikuwa mabega mawili, na kati yake kisogo kilichoinama.

Kitu cha pili kilikuwa harufu. Ilikuwa harufu ya jasho. Nyumba ilisuguliwa kwa sabuni, madirisha yakaachwa wazi, na bado mtu akipita katikati ya ukumbi alipita ndani ya jasho la mtu mzima aliyetembea mwendo mrefu juani.

Kisha wakaanza kuumwa. Mama aliamka na mabega yamekufa ganzi, akalaumu mto. Kaka akaamka shingo imepinda, akalaumu feni. Injinia ndiye aliyeona kwamba wote wawili, wanapotoka vyumbani asubuhi, wana unga mweupe mabegani, unga mwembamba wa zege, kana kwamba usiku kucha walisimama mahali fulani chini ya kitu kinachosagika. Yeye hakuwa nao. Alijipangusa mabega kila asubuhi mbele ya kioo, hakupata kitu, na kule kukosa kukamtisha kuliko kupata.

Fundi Kimya aliitwa kulifuta doa. Alipaka mkono wa kwanza, likarudi. Akapaka wa pili. Alipokuwa juu ya meza akipaka wa tatu, uso wake karibu na boriti, ghafla aliacha kupaka, akatega sikio, akashuka taratibu kama mtu anayeshuka mti wenye nyoka.

"Kuna nini?" kaka aliuliza.

"Kunahemwa."

"Nini?"

"Pale juu. Mtu anahema, kama aliyebeba gunia la saruji." Alikuwa anakusanya brashi zake bila kuziosha, naye ni mtu asiyewahi kulaza brashi chafu. "Kaka, mimi jina langu Kimya. Kazi yangu kimya. Nyumba yako inaongea."

"Inaongea nini?"

Fundi alimtazama Injinia. "Inasema, haubebi kitu. Tena kwa sauti ya dada hapa."

Hakurudi tena.

*

Jumatano mchana Bi Cherehani alirudi, na hakurudi peke yake. Binti yake alikuwa amejifungua salama, mume wake binti yuko kazini mbali, basi yeye kamleta mwanawe na kichanga ili awalee mwenyewe. Injinia alikuwa mlangoni gari lilipowashusha. Aliwapokea mizigo, maana ndivyo inavyofanywa, mtu akifika na mzigo humwachi nao. Alibeba sanduku, alibeba kapu la nguo za mtoto, akavipandisha hadi chumba cha juu, na kule juu alisimama akatazama sakafu chini ya kitanda na alijua kilichokuwa chini yake, na kilichokuwa hakipo.

"Mtalala humu?" aliuliza.

"Tutalala wapi tena? Humu ndimo kuna hewa." Bi Cherehani alimkumbatia. "Mbona umekonda, Injinia wangu? Kazi nyingi? Mama yako kaniambia mmeangalia nyumba kama yenu." Akafungua mkoba, akatoa gauni lililokunjwa kwa karatasi. "Nimemshonea mama yako huko huko, usiku mtoto akilala. La siku ya wageni. Asije akatia aibu mbele ya wakwe, muungwana wangu yule."

Injinia alilipokea gauni. Alishuka nalo ngazi akiwa amelishikilia mbali na mwili, kama mtu aliyebeba kitu kitakachomchafua, au atakachokichafua yeye.

Jioni ile upande wa pili walisikika wakicheka, mtoto akalia, mashine ikaanza. Mama alilijaribu gauni. Lilimkaa vizuri mno. Alijitazama, akalivua, akalikunja tena ndani ya karatasi yake.

*

Alhamisi alasiri mama akamleta mganga.

Alikuwa mtu mnene mwenye kikohozi na viatu vinavyong'aa, ambavyo alivivua mlangoni na kuvitazama mara mbili kama anayeogopa vitaibwa. "Nimeambiwa ni doa tu," alisema. "Madoa nayajua. Ya mtu aliyeachwa, ya mtu aliyelogwa, na ya bomba lililotoboka. Hilo la mwisho huwa nalipeleka kwa fundi bomba, sifichi."

Kaka alicheka. Mama hakucheka. Mganga akawasha ubani kwenye chetezo na kukiweka sakafuni katikati ya ukumbi.

Moshi ulipanda umenyooka. Ulipofika usawa wa magoti ya mtu ukaanza kupinda. Ulipanda ukiambaa kitu, ukakizunguka, ukakionyesha kidogo kidogo kama kitambaa kinavyoonyesha mwili, mapaja yaliyotanuliwa kwa kujikaza, tumbo lililobonyea kwa kuhema, kifua, mikono miwili mirefu kuliko mikono inavyopaswa kuwa imeinuliwa juu, viganja vimekandamiza chini ya boriti, na kati ya mikono kichwa kilichoinama, kisogo na mabega vimegota kwenye zege mahali penye doa. Kilikuwa kinatetemeka. Si kwa ghadhabu. Kilitetemeka kama wanavyotetemeka wapagazi.

Mganga alizima ubani kwa kiganja kitupu, akajiunguza, hakusema aa.

"Hapa palikuwa na nini?"

Kaka alikazana kutazama sakafu.

"Nimeuliza. Mficha maradhi, kilio humfichua. Palikuwa na nini?"

"Ukuta," Injinia alisema.

"Uliokuwa umebeba?"

Alisikia mashine ya Bi Cherehani upande wa pili, tararara, ikisimama, tararara. Alimwona mama yake anamtazama.

"Ndiyo," alisema. "Ulikuwa umebeba."

"Ulisema haubebi," mama alisema taratibu.

"Nilisema."

Mganga alikaa sakafuni, akawa anafuta jasho. "Huyu alikuwa kalala zake humo ukutani, pengine kabla hamjazaliwa. Mmemvunjia nyumba, zege likamshukia mgongoni. Halafu nani alimkaribisha?"

"Mimi," Injinia alisema. "Alipiga hodi."

"Ukamkaribisha mgeni mwenye mzigo, ukamwacha amesimama nao mlangoni. Siku zote hizo."

"Basi mtoe!" kaka alisema. "Si ndiyo kazi yako? Mtoe aende."

"Kijana." Mganga alikuwa ameshaanza kutafuta viatu vyake. "Mimi natoa majini, sitoi zege. Nikimtoa huyu sasa hivi, nani atabeba?" Alipofika mlangoni alivaa kiatu cha kushoto mguu wa kulia, akaenda hivyo hivyo. Alishika mkono wa mama. "Sitaki kitu chenu, hata nauli. Toeni watu. Wa pande zote."

Mlango ulipofungwa, kaka alizungumza kwanza, na alizungumza haraka. "Sikilizeni. Leo Alhamisi. Amebeba tangu Jumamosi, atashindwa kubeba mpaka Jumapili? Wageni waje, wale, wacheke, waondoke. Jumatatu tunaingiza nguzo kimyakimya."

"Na Bi Cherehani?" Injinia aliuliza.

"Hajui kitu."

"Ndiyo maana nauliza."

"Unataka tukamwambie nini? Kwamba tumemvunjia nyumba akiwa anamzalisha mwanawe? Manispaa waje wapige alama nyekundu mlangoni, wakwe waisome? Na wewe? Unadhani watakusajili? Utakufa msaidizi!"

Injinia alimgeukia mama. Mama alikuwa amelishika lile gauni lililokunjwa.

"Mwanangu, tuvuliwe nguo hadharani?" alisema kwa sauti ndogo. "Hebu nipe nifikiri mpaka kesho." Hakupanda chumbani kwake juu; akaingia chumba cha nyuma, akafunga mlango. Kaka akatoka nje, naye akafunga wake kwa kishindo, na mchanga kidogo ukamwagika kutoka kwenye boriti.

*

Injinia alibaki peke yake ukumbini, giza likiingia. Hakuwasha taa. Aliweka simu mezani, kisha akatembea mpaka chini ya doa, ndani ya ile harufu ya jasho.

"Shikamoo," alisema, maana hakujua aanzeje.

Juu yake kulijibiwa. Sauti ilikuwa imekauka, ya heshima, sauti ya mtu anayeokoa pumzi.

"Nyinyi mliingia kwangu bila hodi," ilisema. "Mimi kwenu nilipiga."

"Najua."

"Ukanikaribisha."

"Najua. Nisamehe."

"Samahani haibebi." Pumzi ndefu. "Mama yako nilimwita usingizini, alikuja, hana nguvu. Kaka yako alikuja, akakimbia. Wewe sikukuita. Wewe ndiye mwenyeji wangu. Nilisema utakuja mwenyewe. Nimechoka, binti. Nipokee, ama nitatua."

Upande wa pili mtoto alilia, na Bi Cherehani akamwimbia kitu kisicho na maneno.

Injinia aliinama, akaingiza bega lake la kulia chini ya boriti ambayo kwa vipimo vyote alivyovijua ilikuwa juu mno kwake kuifikia, na aliifikia. Ilimshukia. Kwanza ulikuja uzito wa zege lenyewe, wa baridi, usio na huruma wala chuki, kisha vikafuata kimoja kimoja vitu vilivyo juu yake, kitanda cha mama na kabati la kaka lenye suti mpya, tangi la maji lililojaa, na akahisi pia vya upande wa pili, majora ya vitambaa yaliyopangwa ukutani, meza ya kukatia, mashine yenyewe, mguu wa Bi Cherehani ukikanyaga, ukiinuka, ukikanyaga, akamhisi binti yake aliyejilaza akiwa bado na maumivu, na mwisho kabisa, juu ya hivyo vyote, ukamshukia uzito wa mtoto mchanga aliyegeuka usingizini, mdogo kuliko vyote, na huo ndio uliomkunja magoti.

Alijaribu kumwita mama. Ilitoka pumzi tupu. Simu ilikuwa mezani, mbali kama mwezini.

Kando yake kitu kikubwa kilijinyoosha. Alisikia mifupa ikialika, mmoja baada ya mwingine, ikichukua muda mrefu kumalizika, na alipohisi mkono wa baridi ukibaki kumsaidia upande mmoja wa boriti, alielewa kwamba mgeni anapumzika nusu.

"Mpaka asubuhi," Injinia alinong'ona. "Pumzika mpaka asubuhi, kisha ubebe kidogo tu, niwatoe. Nitawatoa wote."

"Nyinyi mmezoea kusema Jumatatu."

"Asubuhi. Ya kesho."

Mifupa ikaalika tena, kama ya anayetaka kuondoka. Lakini mkono haukuondoka.

Kulipoanza kupambazuka, mlango wa chumba cha nyuma ulifunguka. Mama alitoka, mtandio mabegani, akamwona binti yake amepinda katikati ya ukumbi, mweupe kwa unga tangu nywele hadi nyayo. Hakupiga kelele. Alikuja taratibu, akatazama juu, akatazama chini, kisha akainama akaingiza bega lake kando ya la binti yake.

"Sogea," alisema huku akihema. "Tangu lini mtoto akabeba peke yake? Na mimi ndiye niliyekusifu mpaka ukaogopa kusema kweli." Kisha akasema, "Nenda. Nenda kaseme, mwanangu."

"Siendi nikakuacha humu, Mama."

"Tokeni wote," ile sauti ilisema juu yao. "Nimeshapumzika. Nitabeba kidogo."

Wakatoka chini ya boriti, na boriti haikuanguka. Injinia alifunga gesi. Alizima umeme. Alimvuta kaka yake, aliyekuwa amerudi usiku kwa mlango wa nyuma, kutoka kitandani kwa mguu kama walivyofanyiana utotoni, na kaka alipoona uso wake hakubisha. Simu aliichukua. Alipiga zamu ya dharura ya manispaa, akataja mtaa, akataja nyumba, na alipoulizwa nani anayetoa taarifa alitaja jina lake kamili, lile la kwenye cheti. "Mimi ndiye niliyesema uvunjwe," aliongeza.

Kisha akasimama kwenye mlango wa Bi Cherehani.

"Hodi," alisema, na akajishtua mwenyewe. Ilikuwa sauti ile ile. Iliyokauka, ya heshima, ya mtu aliyebeba kitu kutoka mbali.

"Karibu, karibu mwanangu, pita ndani!" Bi Cherehani alifungua, sindano ikiwa imechomekwa kifuani. "Umepatwa na nini? Umejipaka nini?"

Injinia hakuvuka kizingiti. "Ulipokuwa umesafiri tulivunja ukuta. Uliobeba chumba chako. Fundi aliniuliza, nikasema haubebi kitu, na nilikuwa najua. Mchukue mtoto mtoke sasa hivi. Usichukue kingine."

Injinia alisubiri kofi, alilitamani hata. Badala yake Bi Cherehani aligeuka na kupanda ngazi kwa haraka isiyo ya umri wake, na waliposhuka, Injinia aliinua mikono akampokea mtoto kutoka kwa binti wa Bi Cherehani aliyekuwa akichechemea, akatangulia naye nje hadi ng'ambo ya barabara.

Walisimama hapo wote, miguu mitupu. Majirani walianza kutoka. Kaka aliwazuia wapita njia, kwa mara ya kwanza hana utani. Mama alikwenda akasimama mbele ya Bi Cherehani, akatoa ule ufunguo, akaunyoosha kwa mikono miwili, na hakuweza kuinua uso.

Bi Cherehani hakuupokea. Alikuwa anaitazama nyumba. "Jana usiku nilimsikia mtu anahema ukutani," alisema. "Nikadhani ni wewe jirani, mgongo umekuzidia. Nikasema asubuhi nitamletea dawa ya kuchua."

Hapo ndipo mama alipolia.

Injinia alimrudishia binti mtoto wake. "Bi," alisema, "huyo uliyemsikia hawezi kuendelea. Ameahidi kidogo tu. Watu wa manispaa wakifika wataingia chini yake na miti ya kuegemeza, naye hana nguvu tena. Nyumba ni yako. Sikukuomba ruhusa mara ya kwanza. Nakuomba sasa, niiache ianguke."

"Mashine yangu imo ndani."

"Ndiyo."

Bi Cherehani alivuta pumzi, akaitoa. "Watu wote wametoka?"

"Wote."

"Sijakusamehe. Ujue hivyo."

"Najua, Bi."

"Basi mwache apumzike."

Injinia alivuka barabara peke yake. Alikwenda mpaka mlango wa mbele wa nyumba yao uliokuwa wazi, akasimama nje ya kizingiti, mahali ambapo husimama mwenyeji akimlaki aliyetoka safari. Ndani hapakuwa na kitu cha kuonekana ila ukumbi mpana wa rangi ya maziwa na chai, na katikati yake kitu kinachohema.

"Pole na mzigo," alisema. "Tua."